Pikapu na Tela: Mafuta Huenda Wapi?

Kando ya Barabara ya Kilwa, kuanzia Mtoni hadi Mbagala, pikapu ni chombo cha kutafutia riziki. Hubeba saruji, mabati, mbao, viti na maturubai ya harusi. Na mzigo unapozidi nafasi ya nyuma, pikapu hufungiwa tela. Wasafiri wanaozuru mbuga za wanyama nao hutumia pikapu kukokota matela yaliyojengwa chumba cha kulala na jiko. Mwenye tela la saruji na mwenye tela la kulala hukutana katika swali moja: kwa nini gari lililokuwa likitumia mafuta kwa kiasi limegeuka kuwa mlafi?

Jibu linalotolewa gereji na vijiweni ni uzito. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Katika msongamano wa mjini, uzito ndio mlaji mkuu wa mafuta. Nje ya mji, gari linapoachiwa mwendo, mlaji mkuu ni hewa. Asiyezitofautisha hali hizi mbili hupunguza mzigo mahali ambapo angepaswa kupunguza mwendo, na hasara humfuata.

Thamani ya lita moja

Tanzania huagiza kutoka nje petroli na dizeli ya magari yake. Kiwanda cha TIPER kilichopo Kigamboni kilianza kusafisha mafuta mwaka 1966, lakini mafuta ghafi yake nayo yalitoka ng'ambo, na kazi hiyo ya kusafisha ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Bei ya mafuta duniani ilipopanda karibu mara nne kati ya Oktoba 1973 na mwanzo wa 1974, uchumi wa nchi ulitikiswa. Katika miaka iliyofuata magari ya binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Amri hiyo imekwisha kupita, lakini sababu yake haijapita. Lita inayopotea bure ni fedha za kigeni kwa taifa. Kwa mwenye pikapu ni sehemu ya faida ya siku.

Kani nne zinazolikabili gari

Gari linapotembea hukabiliwa na kani nne. Ya kwanza ni ukinzani wa magurudumu, utokanao na mipira kubonyea na kurudi katika umbo lake kila inapozunguka. Kani hii hutegemea uzito na hali ya barabara, wala haibadiliki sana kwa mwendo. Ya pili ni ukinzani wa hewa. Hii haitegemei uzito hata kidogo. Hutegemea ukubwa wa uso unaoikabili hewa, umbo lake, na mraba wa kasi. Kasi ikiwa mara mbili, kani ya hewa huwa mara nne. Ya tatu ni mvuto wa dunia wakati wa kupanda mlima. Ya nne ni ukaidi wa kitu kizito kuanza mwendo kutoka hali ya kusimama.

Kila kani, ikizidishwa kwa umbali, hutoa kazi iliyofanyika. Na kila kazi hulipiwa kwa mafuta. Lita moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi. Nyingi hupotea kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Katika hesabu zinazofuata inachukuliwa kwamba robo tu, yaani megajuli 9, hufika kwenye magurudumu.

Hesabu ya mfano

Tuchukue pikapu yenye kilo 1,800 pamoja na dereva na vifaa, na tela lenye kilo 1,000 pamoja na mzigo. Katika lami nzuri ukinzani wa magurudumu ni takriban sehemu 15 kwa 1,000 za uzito. Kwa hiyo pikapu peke yake huzuiwa kwa niutoni 265, na pikapu pamoja na tela kwa niutoni 412. Tela limeongeza niutoni 147, iwe gari linakwenda polepole au kwa kasi.

Kani ya hewa, kwa niutoni, hupatikana kwa kuzidisha 0.6 kwa eneo la ukinzani na kwa mraba wa kasi, kasi ikiwa katika mita kwa sekunde. Eneo la ukinzani ni upana wa uso wa gari uliorekebishwa kwa kufuata umbo lake. Kwa pikapu tuchukue mita za mraba 1.2. Tela ambalo mzigo wake haupiti kimo cha kibanda cha dereva hujificha nyuma ya pikapu, na jumla huwa 1.4 tu. Tela la kimo kikubwa, kama lile la kulala au lile lililopangwa magunia ya mkaa hadi juu, hufikisha jumla hiyo 2.2.

Kwa kilomita 100 za barabara tambarare, bila kusimama, matokeo ni haya:

Pikapu peke yake: lita 5.2 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, lita 7.9 kwa mwendo wa kilomita 90.

Pikapu na tela la kimo kidogo: lita 7.2 kwa mwendo wa 60, lita 10.4 kwa mwendo wa 90.

Pikapu na tela la kimo kikubwa: lita 8.7 kwa mwendo wa 60, lita 13.7 kwa mwendo wa 90.

Injini mbalimbali zitatoa tarakimu tofauti, lakini uwiano ndio wenye mafunzo. Matela yote mawili yana uzito ule ule. Hata hivyo, kwa mwendo wa kilomita 90 lile la kimo kikubwa limekula lita 3.3 zaidi, na mlaji ni hewa peke yake. Katika mwendo huo theluthi mbili ya kani yote inayolizuia gari ni hewa. Aidha, tela la kimo kikubwa linalokwenda 60 hutumia mafuta machache kuliko la kimo kidogo linalokwenda 90. Anayekokota tela la kimo kikubwa kwa 90 badala ya 60 hufika dakika 33 mapema katika kila kilomita 100, na dakika hizo amezinunua kwa lita 5.

Kusi na Kaskazi

Hewa hupimwa kwa kasi ya gari ikilinganishwa na upepo, wala si kwa kasi ya gari peke yake. Wakaazi wa pwani wanazijua pepo zao: Kusi hutawala katikati ya mwaka, na Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi. Gari litokalo Mtoni kwenda Mkuranga na Kibiti huelekea kusini. Ikiwa Kusi inavuma usoni kwa kilomita 20 kwa saa, gari linalokwenda 60 huikabili hewa kana kwamba linakwenda 80. Tela la kimo kikubwa lililotumia lita 8.7 katika hewa tulivu sasa litahitaji lita 11.8. Likirudi na upepo huo mgongoni litahitaji lita 6.4 tu. Dereva asiyejua jambo hili huenda akamlaumu muuza mafuta, au akamsifu fundi asiyestahili sifa.

Mjini: kusimama na kuondoka

Mambo hubadilika gari linapoingia katika foleni kuelekea Kariakoo. Kila linapoondoka na kufikia kilomita 50 kwa saa, pikapu hii na tela lake huwa imewekeza kilojuli 270 za nishati ya mwendo. Dereva anapokanyaga breki, nishati hiyo yote hugeuka joto na kupotea. Akisimama mara 20 katika kilomita 10, huwa ametupa lita 0.6. Ukinzani wa magurudumu huchukua karibu lita 0.5, na hewa chini ya lita 0.2. Hapa uzito umekula zaidi ya mara tano ya kile kilichochukuliwa na hewa, na kimo cha mzigo si hoja tena.

Dawa yake ni macho na subira. Dereva aache nafasi mbele, atazame taa na magari ya mbali, na aondoe mguu kwenye mafuta mapema ili gari lijongee lenyewe. Kila breki isiyokanyagwa ni mafuta yaliyobaki ndani ya tangi.

Barabara za mitaani zina gharama yake pia. Kwenye changarawe ukinzani wa magurudumu huweza kuwa maradufu ya ule wa lami, na katika mchanga laini huzidi mara sita. Mipira yenye upepo pungufu huongeza hasara hiyo hata katika lami, na huchakaa upesi.

Kupanda na kushuka

Kutoka bonde la Mto Kizinga barabara hupanda kuelekea Mbagala, lakini huo ni mpando mdogo. Mtihani mkubwa uko mbali, kama vile Mlima Kitonga katika njia ya Iringa. Mahali panapopanda mita 5 kwa kila mita 100, gari letu na tela huvutwa nyuma kwa niutoni 1,372 za ziada. Kwa tela la kimo kikubwa, kupanda hapo kwa kilomita 60 kwa saa kwahitaji nguvu za farasi 48. Kwa kilomita 90 kwahitaji 87. Pikapu nyingi za zamani za dizeli hutoa nguvu za farasi 80 hadi 90 zikiwa pwani. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Iringa iko juu zaidi ya mita 1,500. Anayeng'ang'ania mwendo wa tambarare mlimani hudai kisichokuwepo: hupata joto la rejeta, moshi mweusi na mafuta yaliyoungua nusu. Ni heri kushusha gia mapema na kupanda taratibu.

Wakati wa kushuka, wapo madereva wanaoweka gia huru wakidhani wanaokoa mafuta. Hilo ni kosa lenye hatari. Injini ya dizeli, na ya petroli isiyotumia kabureta, hukatiwa mafuta yenyewe gari likiwa katika gia na mguu ukiwa umeondolewa. Ikiwa katika gia huru hulazimika kunywa mafuta ili isizimike. Zaidi ya hayo, gia huru huliacha tela zima mikononi mwa breki. Tela lisilo na breki zake husimamishwa na breki za pikapu, nazo zikipata joto kupita kiasi huacha kushika. Nishati ya kuzuiwa kwa mwendo wa 90 ni mara mbili na robo ya ile ya 60. Kwa hiyo mwendo unaookoa mafuta ndio unaookoa maisha pia.

Mpangilio wa mzigo nao usipuuzwe. Karibu sehemu moja kwa kumi ya uzito wa tela yafaa ikalie kiungo cha pikapu. Mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli, tela huinua kiungo na kuanza kuyumba, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo linavyoyumba.

Jinsi ya kupima

Jaza tangi hadi juu na uandike kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi. Nenda safari, kisha rudi kwa njia ile ile, ili upepo na milima visawazishane. Jaza tena katika pampu ile ile. Gawanya lita ulizoongeza kwa kilomita ulizokwenda, kisha zidisha kwa 100. Rudia mara tatu kabla ya kutoa hukumu, na badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja: mwendo, au kimo cha mzigo, au upepo wa mipira.

Zoezi

Pikapu ya mfano wetu inakokota tela la kimo kidogo katika lami tambarare kwa kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde. Itatumia lita ngapi kwa kilomita 100?

Jibu: kani ya hewa ni niutoni 415, ya magurudumu 412, jumla 827. Kazi ni megajuli 82.7, mafuta ni lita 9.2.