Utata wa "Saa Nane" Katika Pakiti ya Dawa

Pakiti ya dawa ni matini, na matini yenye utata yaweza kudhuru. Tuchukue dawa mseto ya atemetha na lumefantrini, ambayo Kenya iliiteua mwaka 2004 kuwa tiba ya kwanza ya malaria ya kawaida. Ubunifu wake ni kufungwa kwa kadiri ya uzito: mtoto wa kilo 5 hadi 14 humeza kidonge kimoja kila mara, mwenye kilo 35 na zaidi, vinne. Dozi ni sita kwa siku tatu.

Ugumu umo katika dozi ya pili, inayotolewa "baada ya saa nane". Je, huo ni muda au ni wakati? Mama aliyeanza saa sita mchana huenda akairudia saa nane alasiri ikishapita, ilhali wakati wake ni saa mbili usiku. Wengine husema "masaa manane" kuepuka utata huu, japo wanasarufi huwakosoa.

Yafaa lebo iseme: "Hesabu saa nane tangu dozi ya kwanza", kisha iache nafasi ya mfamasia kuandika saa yenyewe. Hapo ndipo taaluma yetu inapohitajika, wanakiswahili wenzangu.