Mtoto Aliyekosa Apelekwe Wapi?

Wahenga walisema: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Neno hili twalitumia mara nyingi kuwalaumu vijana. Leo twawaomba wasomaji wetu walitazame kwa upande wa pili. Mtoto asiye na mama, au ambaye mama yake ameshindwa na ufukara, ulimwengu utamfunza nini? Kisa cha watoto wa Uingereza waliohukumiwa kupelekwa ng'ambo chatupa jibu la kuhuzunisha.

Zamani zile sheria ya Uingereza iliruhusu mtoto aliyetimiza miaka 7 ashtakiwe kortini kwa wizi. Kwa sheria ya mwaka 1718 wahalifu walipelekwa katika makoloni ya Amerika, na kazi yao ikauzwa kwa mabwana wa huko. Watu wapata 50,000 walikwenda kwa njia hiyo, mpaka vita vya uhuru wa Amerika vilipoifunga. Ndipo magereza yalipofurika, wafungwa wakafungiwa hata katika merikebu kuukuu zilizotiwa nanga katika mto Thames. Serikali ikatafuta mahali pa mbali zaidi, ikachagua Australia, kana kwamba nchi ile ilikuwa tupu. Kumbe ilikuwa na wenyeji wake tangu kale, nao wakapokonywa ardhi yao. Tarehe 13 Mei 1787 merikebu 11 ziliondoka Portsmouth, zikafika Januari 1788. Tangu hapo hata mwaka 1868 wafungwa wapata 160,000 walivushwa bahari.

Miongoni mwao walikuwamo watoto. John Hudson alikuwa yatima wa London, kazi yake kufagia dohani za nyumba za watu. Mwaka 1783, naye ana umri wa miaka 9 hivi, alishtakiwa kwa kuvunja nyumba na kuiba nguo na bastola. Akahukumiwa kupelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Alipofika Australia pamoja na kundi lile la kwanza, alikuwa na miaka 13 tu. Mary Wade alikuwa binti mdogo aliyemvua nguo mtoto mwenzake ili zikawekwe rehani. Januari 1789 alihukumiwa kunyongwa. Baadaye hukumu ikabadilishwa, akapelekwa Australia.

Si kwamba wakubwa wote walikuwa na moyo wa jiwe. Wengine waliona wazi ya kuwa kijana akifungwa pamoja na wahalifu wakubwa hutoka ameiva katika uovu. Kwa hiyo mwaka 1834, katika kisiwa kinachoitwa leo Tasmania, lilifunguliwa gereza la wavulana peke yao, ng'ambo ya ghuba ya gereza kubwa la Port Arthur. Mahali pale paliitwa Point Puer, na neno puer kwa Kilatini maana yake ni mvulana. Wavulana wapata 3,000 walipita hapo kabla halijafungwa mwaka 1849, na wadogo kabisa walikuwa na miaka 9. Walifundishwa kusoma, kushona viatu, useremala, kuunda mashua na kuchonga mawe. Mawe mengi ya kanisa la Port Arthur yalichongwa na mikono yao, na kuta zake zasimama hata leo. Lakini wasimamizi wao wengi walikuwa wafungwa vilevile, na aliyekaidi alipigwa viboko au kufungiwa peke yake. Kijana aliweza kujifunza kazi; lakini nani angemfunza upendo?

Hali kadhalika vijana wa gereza la Parkhurst, lililofunguliwa mwaka 1838. Tangu 1842 hata 1852 wapata 1,500 walipelekwa Australia na New Zealand, wengi wao wakapewa mabwana wa kuwatumikia. Mmoja wao, John Gavin, alimwua mwana wa bwana wake. Tarehe 6 Aprili 1844 alinyongwa huko Fremantle, naye ana miaka 15. Hatusemi hakukosa, alimwaga damu ya mtu. Lakini twauliza: katika safari ile yote, tangu gerezani hata kitanzini, ni nani aliyekuwa baba yake?

Labda msomaji atajibu kwamba wengine walifanikiwa. Ni kweli. Mary Wade aliishi hata mwaka 1859, akaacha wana, wajukuu na vitukuu wengi. Na katika uzao wake yumo Kevin Rudd, aliyekuwa waziri mkuu wa Australia mwaka 2007. Lakini tuangalie sana sababu. Hakuokolewa na minyororo wala na umbali wa bahari. Alipata nyumba, kazi, na watu wa kumwita mama. Mambo hayo matatu yangaliweza kupatikana London, kama wakubwa wangalitaka kumpa.

Wako waliosema hivyo mapema. Padre William Ullathorne, Mbenediktini aliyefika Sydney mwaka 1833, aliandika kijitabu juu ya maovu ya adhabu hii. Na mwaka 1838 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyoichunguza. Bi Mary Carpenter wa Bristol hakuwa Mkatoliki, lakini twamsifu kwa haki. Mwaka 1851 alitoa kitabu kueleza kwamba mtoto mkosaji ahitaji shule na malezi. Mwaka 1854 sheria ikaruhusu vijana wasiotimiza miaka 16 wapelekwe katika shule za kurekebisha tabia. Hata hapo sheria ilidai wakae gerezani kwanza siku 14, wala shule zenyewe hazikuwa za upole. Walakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Basi, twajifunza nini sisi wenye watoto? Kwanza, kabla ya kuuliza mtoto ameiba nini, tuulize amekula nini na analala wapi. Pili, kumwondosha machoni petu si kumrudi. Waingereza wale walipeleka watoto mbali miezi mingi ya bahari, na njaa ya London ikabaki palepale, ikizaa wezi wadogo wengine. Tatu, adhabu bila mlezi haijengi. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo. Lakini hakunjwi na mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Katika nyumba zetu nyingi, kijana akikosa, shauri la kwanza ni kumpeleka kwa ndugu wa mbali, ili aibu isionekane na majirani. Pengine ndugu yule ni mlezi mwema, na shauri ni jema. Lakini kama twampeleka kwa sababu tumechoka naye tu, tujue kwamba twafanya lile lililofanywa na mahakimu wa zamani. Juma hili, kila baba na kila mama wa nyumba atafute nafasi ya kukaa na mtoto wake anayemsumbua zaidi, wale pamoja, amsikilize mpaka amalize kusema. Na jirani mwenye chakula amkumbuke mtoto yule asiye na wa kukaa naye.