Maambukizi ya Njia ya Mkojo kwa Watoto wa Mbwa

Njia ya mkojo huanzia kwenye figo, ambako mkojo hutengenezwa, ikapitia mirija miwili hadi kibofuni, kisha ikaishia kwenye mrija mmoja wa kutolea mkojo nje. Maambukizi hutokea pale bakteria, hasa wale wa kinyesi waitwao E. koli, wanapopanda kwa mrija huo wa mwisho hadi kibofuni. Na kwa kuwa mrija wa jike ni mfupi na mpana kuliko wa dume, majike ndio wanaougua zaidi.

Mtoto wa mbwa mwenye afya hukojoa mara nyingi, hivyo wingi huo peke yake si ugonjwa. Wa kutiliwa shaka ni yule anayechuchumaa, akajikamua na kutoa matone machache, akasogea hatua mbili na kuchuchumaa tena, au anayejilamba sehemu za siri kila mara, au mwenye mkojo wa damu. Inasikitisha kwamba wengi wao huchapwa kwa kukojoa ndani, ilhali kibofu chenye uvimbe na maumivu hakiwezi kuzuia mkojo. Yule ambaye mkojo humchuruzika hata akiwa usingizini huenda amezaliwa na mrija wa figo usioingia kibofuni mahali pake, kasoro ambayo kwa kawaida hurekebishwa kwa upasuaji.

La kusisitizwa kuliko yote ni kwamba mnyama huyu asipewe vidonge vilivyobaki baada ya mtu kuugua. Siprofloksasini huweza kuharibu gegedu, yaani tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo vya mbwa anayekua. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kumsababishia vidonda vya tumbo na kumharibia figo. Aidha, dozi ya kukisia huweza kuwabakiza bakteria sugu, ambao huweza kuhamia kwa watu wa nyumba hiyohiyo.

Mkojo upimwe kabla ya dawa yoyote. Ukikingwa nyumbani, uwekwe katika chombo safi chenye kifuniko na kufikishwa mapema kwa daktari wa mifugo, ambaye, akitaka kuotesha bakteria, huuvuta mwenyewe kwa sindano kutoka kibofuni ili usichanganyike na vijidudu vya ngozi. Anayefuta mkojo sakafuni avae glavu na kunawa kwa sabuni, kwa sababu mkojo wa mbwa huweza kubeba bakteria wa homa ya mgunda, ambayo humpata pia binadamu.

Mbwa anayejikamua bila kutoa hata tone apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku.