Soketi Tupu, Baiti Bado Zipo

Programu inayosoma data iliyosimbwa kwa TLS inaweza kukaa ikisubiri kitu ambacho tayari inacho. Seva imeshatuma jibu lote, mtandao uko sawa, lakini poll() iko kimya. Katika kazi ya seva nimeiona hali hii, na kiini chake ni kwamba msimbo unaiuliza kernel swali ambalo jibu lake liko kwa OpenSSL.

Rekodi moja ya TLS hubeba hadi baiti 16,384 za data, na haithibitiki ikiwa nusu. Sharti ifike nzima ndipo isimbuliwe. Rekodi ikiwa imejaa, na programu ikiomba baiti 4,096 kwa SSL_read(), OpenSSL huivuta rekodi yote kutoka kwenye soketi, hutoa hizo 4,096, na 12,288 zilizobaki huziweka kwenye bafa yake. Kernel ikitazama, soketi ni tupu.

Hapo SSL_pending() hurudisha 12,288. Kwenye Python, soketi ya ssl ina pending() kwa kazi hiyohiyo. Lakini hizo ni baiti zilizokwisha kusimbuliwa tu. SSL_has_pending(), iliyokuja na toleo la 1.1.0 mwaka 2016, huangalia hata zile ambazo hazijashughulikiwa, kwa hiyo ikijibu 1 haina maana kwamba lazima kuna data ya kusoma.

Kuna na kinyume chake. Katika TLS 1.3, seva huweza kutuma tiketi za kikao baada ya salamu za mwanzo: poll() inaamka, data ya programu hakuna.

Kwa hiyo mimi huweka soketi isiyozuia, kisha naita SSL_read() mfululizo hadi ikatae. Ikikataa, naiuliza SSL_get_error() sababu. SSL_ERROR_WANT_READ: sasa ndiyo ruhusa ya kurudi kwenye poll(). SSL_ERROR_WANT_WRITE: subiri nafasi ya kuandika, hata kama ulikuwa unasoma. SSL_ERROR_ZERO_RETURN: upande wa pili umefunga kwa utaratibu. SSL_ERROR_SYSCALL au SSL_ERROR_SSL: muunganisho huo usitumike tena.

Kujaribu ni rahisi. Washa openssl s_server kwa cheti na ufunguo wake, unganisha programu yako ikisoma baiti 16 kwa mara moja, kisha andika upande wa seva mstari mrefu unaoanza na “habari”. Msimbo wenye kasoro utaonyesha herufi 16 za kwanza na kunyamaza. Uliorekebishwa utaonyesha mstari wote.