MWANYA KATIKA DARI LA MSITU

Apitaye Mji Mkongwe wa Zanzibar huitazama milango iliyonakshiwa, akamsifu fundi. Ni wachache wakumbukao ya kwamba kabla ya fundi ulikuwapo mti, na mti hulelewa na mwanga. Basi yapasa tujifunze miti ya mbao ngumu hufanyaje pindi mwenzao mkubwa aangukapo na kuacha mwanya katika dari la majani.

Unguja tunao mfano karibu: msitu wa Jozani, ambao tangu 2004 umo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Mwanya ukifunguka hapo, mambo matatu hufuata.

Kwanza, miti iuzungukayo mwanya hupata mwanga zaidi, nayo hushindana maji kidogo zaidi. Matawi yake huelekea uwazini na shina huongezeka unene. Wataalamu huupima unene huo kwa utepe, mita 1.3 kutoka ardhini, mwaka hata mwaka.

Pili, miche iliyodumaa kivulini kwa miaka mingi huamka na kurefuka kwa haraka.

Tatu, mwanya ukiwa mpana, hupata nafasi miti ipendayo jua, kama mvule, ambao mche wake haustawi katika kivuli kizito.

Huenda mtu akauliza: "Ikiwa mwanya hukuza miti, mbona tusikate zaidi?" Jibu ni kwamba mwanga haupandi mbegu. Pasipo miche ingojayo wala mti mzazi karibu, mwanya hujaa magugu na mimea itambaayo, na jua hukausha udongo. Tena shina lililozoea kivuli, likifunuliwa ghafula, aghalabu huchipuza vitawi ubavuni, na mbao zake huwa na mafundo.

Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwanga ulijaa mashambani, lakini mikarafuu haikurudishwa na mwanga. Ilirudishwa na mikono ya wapandaji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujauinua msumeno, tazama chini ya mti. Ukiiona miche yake, jua kwamba mrithi yupo. Usipoiona, basi panda kwanza. Kwani mlango wa mjukuu wako hautachongwa katika mti ambao hakuna aliyeuotesha.