Dondoo muhimu: kubuni chujio la chai lisiloziba

Majani mengi ya chai ya Kenya ni ya CTC (yaliyosagwa, kuraruliwa na kukunjwa kwa mashine), chembe ndogo zinazoziba wavu upesi. Usipanue matundu, utakunywa machicha. Ongeza eneo la wavu, kuanzia pembeni mpaka kitakoni, na uache nafasi maana majani huvimba yakilowa.

Kudhibiti mtiririko, weka chini vali ya silikoni inayofunguka chujio likikalishwa juu ya kikombe. Kifuniko kikibana sana, kitoboe tundu la hewa, la sivyo chai itatoka kwa kusitasita.

Wapenzi wa chai ya maziwa (na ndio wengi wetu) wapewe wavu wa chuma cha pua unaochomoka, kwani mafuta ya maziwa hung'ang'ania. Wavu wa kubandikwa kwa gundi haufai.