Amri ya Saba na Ununuzi wa Motokaa

Soma: Mwanzo 23:1–20, Mwanzo 25:29–34, Mithali 20:14, Luka 14:28–30.

Watoto wetu wa Kipaimara wakiulizwa maana ya Amri ya Saba hujibu upesi kwamba imekataza wizi. Wajibu vema. Lakini Dr. Martin Luther, katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, hakumweka chini ya amri hiyo mwizi wa usiku peke yake, bali na mtu auzaye bidhaa mbovu na afanyaye biashara kwa hila. Mwezi huu twataka kulitazama neno hilo kwa habari iliyotupata sisi wenyewe, wala hatutaficha kosa letu.

Usharika wetu una mitaa iliyo mbali, na mchungaji huifikia kwa miguu au kwa kupakiwa pikipiki. Kwa miaka mitatu tuliweka akiba ya kununua motokaa: sadaka za fedha, na mazao yaliyoletwa madhabahuni, kisha yakanadiwa nje baada ya ibada. Mjane mmoja alileta jogoo wake wa pekee. Fedha zilipotimia, wazee wa kanisa walituma watu watatu kwenda Dar es Salaam, tutafute motokaa iliyokwisha kutumika Japani, kama zilivyo nyingi za nchi yetu.

Tulipofika kwenye yadi, vijana wawili walitupokea langoni. “Shikamooni, wazee wangu.” Tukaitika, “Marahaba, wanetu.” Walitupa viti na soda baridi, wakatuonyesha motokaa nyeupe yenye kung’aa. Tukasema kwamba fundi wetu atakuja saa nane kuitazama. Wakajibu kwamba saa nane ni kuchelewa, kwa maana kuna mtu mwingine anayekuja na fedha mkononi, na bei ile ni ya leo tu. Tulipotoka kwenda kushauriana chini ya mwarobaini, walitufuata. Tulipotaka kwenda zetu, mkubwa wao aliitwa, naye akatuuliza kama tumekuja kuwapotezea watu wakati, au kama hatuwaamini. Neno hilo lilitutia haya.

Hapo nasi tukatenda dhambi. Mmoja wetu alisema kwamba mahali pengine tumeonyeshwa motokaa kama hiyo kwa bei ya chini, nasi wengine tukanyamaza. Hapakuwa na mahali hapo. Kijana alipouliza ni wapi, tulitazama chini.

Basi tukakubali kutoa arbuni. Vijana walituambia kwa kinywa kwamba tukighairi tutarudishiwa. Kalamu ilikuwa mkononi, ndipo mzee wetu, ambaye macho yake yamefifia, akaomba karatasi isomwe yote kwa sauti. Mstari wa mwisho ulisema arbuni haitarudishwa kwa sababu yo yote. Tukaiweka kalamu chini, tukasimama.

Yule kijana mdogo alitusindikiza mpaka barabarani. Akasema, “Mnisamehe, wazee wangu. Mimi sina mshahara, ila kamisheni ya gari linalouzwa. Mwezi huu sijauza hata moja.” Tena akatuambia kwamba yeye ni mwanakwaya katika usharika mmoja wa mjini. Baada ya majuma mawili tulinunua motokaa kwa mtu mwingine, naye fundi wetu aliikagua muda wa asubuhi nzima. Siku hiyo tulipita mbele ya yadi ile. Motokaa nyeupe ilikuwa ingali pale pale.

Twajifunza nini?

Kwanza, nafasi ya kufikiri ni mali ya mtu. Bwana Yesu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Amzuiaye mwenzake asiketi amwibia kitu kabla hajagusa fedha zake. Ndivyo Yakobo alivyomfanyia Esau: alimkuta na njaa, akataka mambo yamalizike siku ile ile, tena kwa kiapo. Neno hili “leo tu” ni la zamani sana.

Pili, biashara ya haki haiogopi mwanga. Ibrahimu alipotaka mahali pa kumzika Sara, alinunua kwa Efroni penye lango la mji, mbele ya watu wote. Alipima shekeli 400 za fedha wakimwona. Na Maandiko yanataja kilichonunuliwa: shamba, na pango, na miti yote ndani ya mipaka yake. Nasi tufanye vivyo hivyo. Fundi awe wetu, si wa muuzaji. Namba ya chesesi iliyoandikwa katika kadi ilinganishwe na ile iliyogongwa katika motokaa yenyewe. Karatasi isomwe kwa sauti kabla ya kutiwa sahihi, na ahadi ya kinywa iandikwe. Kisha umiliki uhamishwe kwa Mamlaka ya Mapato, hata kadi iwe na jina la mnunuzi. Serikali nayo, kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, imekataza mwenendo wa kudanganya wanunuzi.

Tatu, amri hii yamfunga mnunuzi pia. Mithali yamtaja mtu akitukanaye kitu anapokinunua, kisha akaenda zake akijisifu. Uongo wetu juu ya bei ya mahali pengine ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Kutendewa hila si ruhusa ya kutenda hila.

Nne, tumtazame aliye nyuma ya muuzaji. Mwaka 1524 Luther aliandika juu ya biashara, akawakemea wafanya biashara walioshika kanuni ya kuuza kwa bei kubwa kadiri wawezavyo. Kijana asiyekula ila kwa kumshinda mgeni amewekwa penye jaribu na bwana wake. Kijana atajibu kwa ajili ya uongo wake. Lakini mwenye yadi atajibu kwa ajili ya yote mawili. Basi, ndugu, ninyi mlio na maduka, mashine za kusaga au magari ya abiria, jiulizeni mwawalipaje watu wenu, na malipo hayo yawafundisha nini.

Maswali ya kujifunza pamoja:

1. Kwa nini Ibrahimu alitaka kulipa mbele ya mashahidi?
2. Ni maneno gani hutumika sokoni kwetu ili mtu asipate kufikiri?
3. Je, umewahi kudanganya ili upunguziwe bei? Wamdai nini muuzaji yule?
4. Kama kijana yule angekuwa wa kwaya yetu, tungemsaidiaje?

Fedha tuliyokwenda nayo mjini ilikuwa na jogoo wa mjane ndani yake. Tuliikumbuka thamani yake ilipobaki kidogo tu kuipoteza. Bwana atupe kuikumbuka mapema, katika fedha yetu na katika fedha ya jirani. Amina.